Las Vegas Kabla ya Kamari

Msomaji akilisikia jina la Las Vegas, aghalabu huwazia nyumba za kamari na taa zisizozimwa usiku kucha, akadhani mji huo ulizuliwa na wacheza karata. Ilhali tarikhi yake ya mwanzo ni tarikhi ya maji, na kila aliyepata kutamalaki mahali pale alitamalaki kwa kuwa zilikuwa mkononi mwake chemchemi chache zilizobubujika katika jangwa la Mojave, kusini mwa jimbo la Nevada huko Marekani.

Wenyeji walikuwa Wapaiute, waliohama kwa majira, wakipanda milimani joto lilipozidi. Njia ya wafanya biashara kutoka New Mexico kwenda California ilipofunguliwa na msafara wa Antonio Armijo mwishoni mwa mwaka 1829, bonde lile likawa kituo cha kunyweshea wanyama. Mwaka 1855 wakaja Wamormoni thelathini kutoka Utah, wakajenga ngome ya matofali mabichi, wakalima, wakajaribu na kuyeyusha risasi ya mlima wa jirani. Lakini risasi haikuwa njema, na viongozi wao wakahitilafiana, hata mwaka 1857 wakaondoka.

Baadaye ngome ikashikwa na Octavius Gass, mtafuta madini aliyeigeuza shamba la ng'ombe. Gass alikopa dhahabu ya dola 5,000 kwa tajiri mmoja, Archibald Stewart, akaweka shamba rehani, asiweze kulipa. Stewart akalitwaa mwaka 1881, wala hakulifaidi siku nyingi, kwani mwaka 1884 alipigwa risasi katika ugomvi kwenye shamba la jirani, akafa, akimwacha mkewe Helen na watoto wanne na mimba ya wa tano.

Bibi huyu, kwa maoni yangu, ndiye mwasisi wa mji, ingawa sifa hiyo aghalabu hupewa wanaume waliokuja kwa reli. Aliliendesha shamba, akanunua ardhi na haki za maji, akapokea wasafiri kwa miaka kumi na minane, hata mwaka 1902 akaliuza kwa dola 55,000 kwa kampuni ya reli ya Seneta William Clark, tajiri wa shaba wa Montana. Ni Helen pia aliyetoa, mwaka 1911, eka kumi za kukaa Wapaiute: eka kumi tu, katika bonde lililokuwa lao lote!

Clark hakuja kwa ajili ya mandhari. Garimoshi la mvuke hunywa maji kama ngamia aliyemaliza safari, na reli yake, itokayo Salt Lake City kwenda Los Angeles, ilihitaji mahali pa kujazia matangi. Tarehe 15 Mei 1905, jua likichoma, viwanja vikaanza kunadiwa, navyo vikagombewa. Upande wa pili wa reli mpima ardhi J. T. McWilliams alikuwa amekwisha anzisha mji wake. Lakini mabomba ya kampuni hayakufika huko, na wakazi wake wengi wakahamia kwa Clark.

Atawalaye maji, hata hivyo, aweza kuyaacha. Baada ya mgomo wa mwaka 1922 kampuni ilihamisha karakana zake, na riziki ya mji ikadidimia. Kamari yenyewe ilikuwa imekwisha katazwa Nevada kwa sharia ya mwaka 1909. Hapo Mto Colorado ukauokoa mji: mwaka 1931 kazi ya lile bwawa kubwa liitwalo leo Hoover ilianza, na mwaka huohuo baraza la Nevada likahalalisha tena kamari, likapunguza na muda wa ukaazi wa mtaka talaka kuwa wiki sita. Mji wa serikali walimokaa wafanyakazi wa bwawa ulikataza pombe na kamari; basi siku ya mshahara wakaja mtaa wa Fremont, Las Vegas. Watalii nao walikuja kutazama bwawa, wakalala mjini.

Mwaka 1941 Thomas Hull, mwenye mahoteli, akafungua El Rancho Vegas nje ya mipaka ya mji, kwenye njia kuu itokayo Los Angeles, akaweka hodhi la kuogelea karibu kabisa na barabara, ili dereva mwenye vumbi alione maji kabla hajaiona meza ya kamari.