Mzio wa chavua

Mzio wa chavua ni hali ambayo kinga ya mwili huiona chavua ya mimea kama adui na kutoa histamini, kemikali inayovimbisha utando wa pua na macho. Dalili zake ni chafya mfululizo, kamasi jepesi kama maji na macho kuwasha, bila homa. Daktari Mwingereza Charles Blackley, naye akiwa mgonjwa, alichapisha mwaka 1873 majaribio aliyojifanyia kuthibitisha chanzo chake.

Nalasi, mkoani Ruvuma, nyasi huchanua kuelekea mwisho wa mvua. Kiangazi huleta mkanganyiko: salfa inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga nayo huchoma macho na pua. Muwasho huo si mzio, na vidonge vya mzio haviusaidii sana. Cha maana ni barakoa, miwani na kutosimama upande unakoelekea upepo.

Mzio wenyewe hutulizwa na setirizini au loratadini. Piriton husinzisha, hivyo dereva wa bodaboda aiepuke. Dawa ya steroidi ya kupulizia puani hufanya kazi ikitumiwa kila siku. Kifua kikibana au kutoa mlio, mgonjwa aende zahanati. Huenda ni pumu.