Luis Alfaro: Mtunzi aliyezivisha tanzia za Wagiriki lugha ya mtaani

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu wapenzi wa lugha kwamba tanzia ni utanzu wa lugha ya juu. Mfalme akianguka jukwaani, sharti aanguke kwa lugha sanifu. Lugha ya mtaani, ile inayochanganya ndimi, huachiwa vichekesho. Bawabu, mlevi na mchuuzi ndio wanaoruhusiwa kuizungumza. Watu wakacheka, mambo yakaisha.

Juma hili ningependa tuitazame kazi ya mtunzi ambaye ameipinga dhana hiyo kwa vitendo. Huyu ni Luis Alfaro, mtunzi wa tamthilia na mwigizaji wa Los Angeles, Marekani. Alfaro ni Mchicano, yaani Mmarekani mwenye asili ya Mexico, aliyelelewa Pico-Union, mtaa wa wahamiaji na vibarua karibu na kitovu cha jiji hilo. Aidha, ni mwanamume anayependa wanaume wenzake, na sanaa yake imeliweka hilo wazi.

Ili tuelewe uzito wa hatua hiyo, hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965, wakati wa mgomo wa wachumaji zabibu kule Delano, California, Luis Valdez alianzisha kikundi cha El Teatro Campesino. Wafanyakazi wa mashambani waliigiza michezo mifupi kuhusu maisha yao, wakichanganya Kihispania na Kiingereza vile walivyozoea kuongea. Mwaka 1978 tamthilia ya Valdez, Zoot Suit, ilionyeshwa katika ukumbi wa Mark Taper Forum, Los Angeles, na mwaka uliofuata ikafika Broadway, New York.

Naam, mlango wa lugha ulikuwa umefunguliwa. Hata hivyo, shujaa wa jukwaa hilo aghalabu alikuwa dume la harakati, nguzo ya familia na ya kabila lake. Mtu kama Alfaro alipata nafasi finyu mno. Akigeukia upande wa pili, kwa wasanii waliotetea mapenzi ya jinsia moja, alikuta jukwaa ambalo kwa kiasi kikubwa lilizungumza Kiingereza pekee na kusimulia maisha ya Wazungu. Ni kama aliambiwa achague: ama mtaa wake, ama mapenzi yake.

Alfaro alikataa kuchagua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza vijana wa jiji lake, alishirikiana na wasanii wenzake wa Teatro VIVA kuwaelimisha Walatino kuhusu ugonjwa huo kupitia maigizo. Papo hapo alikuwa akiigiza peke yake. Katika Downtown, onyesho lake mashuhuri la wakati huo, mwili mmoja unabeba familia, kanisa, kona za barabara na wapenzi, naye anaruka kutoka Kiingereza hadi Kihispania bila kusimama kumtafsiria yeyote. Anayeelewa lugha moja tu anapitwa na mengine, kama anavyopitwa mgeni yeyote anayepita mtaani humo. Mwaka 1997 alitunukiwa ruzuku ya MacArthur, mojawapo ya heshima kubwa kwa wabunifu wa Marekani.

Kisha akawageukia Wagiriki. Amesimulia kwamba alipokuwa akifanya kazi na vijana huko Arizona, alikutana na msichana wa miaka 13 aliyekuwa amemuua mamake kulipiza kisasi cha babake. Muda si muda akawa anasoma Elektra, akashangaa: kumbe kisa ni kile kile! Electricidad ilionyeshwa Tucson mwaka 2003. Oedipus El Rey ikafuata San Francisco mwaka 2010, halafu Mojada, iliyotokana na Medea ya Euripides.

Tuyatazame majina, maana hapo ndipo kazi ya lugha inapoonekana. Elektra amekuwa Electricidad, neno la Kihispania lenye maana ya umeme. Mamake, aliyemuua mumewe, anaitwa Clemencia, yaani rehema. Jason wa Wagiriki anaandikwa Hason, jinsi herufi hiyo inavyosikika kinywani mwa Mhispania. Na mojada, 'aliyelowa', ni tusi wanalotupiwa waliovuka mto wa mpakani bila vibali. Medea huyu ni mshonaji kutoka Michoacán asiye na karatasi, anayeogopa hata kutoka nyumbani kwake. Alfaro aliuandika mchezo huu upya kwa kila jiji: ulipochezwa Chicago mwaka 2013 uliwekwa mtaani Pilsen, Los Angeles mwaka 2015 ukawa wa Boyle Heights, na New York mwaka 2019 ukahamia Queens. Lafudhi na majirani vikabadilika, jeraha likabaki.

Wapo wanaohoji: je, kuwaweka Walatino jukwaani kama wanamagenge na wafungwa si kuwathibitishia Wazungu dharau zao? Swali hilo lina mashiko. Lakini tazama anachokifanya katika Oedipus El Rey. Korasi, lile kundi la Kigiriki linalosimulia na kuonya, ni wafungwa wa gereza la California. Majaaliwa yaliyotabiriwa na miungu yamekuwa mkondo ule ule wa kuachiliwa na kurudishwa ndani. Mtazamaji anaulizwa ni nani aliyeipanga njia hiyo hata kijana asiione nyingine. Swali hilo halina uzito likitolewa na mfungwa anayezungumza kama profesa. Linauma kwa sababu linasemwa kwa caló, lugha ya mtaa wenyewe.

Sisi pia tunamfahamu mfalme huyu. Samuel Mushi alimleta kwetu katika Mfalme Edipode mwaka 1971, akathibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba msiba wa Sofokile. Hiyo ilikuwa hoja kuhusu hadhi ya lugha ya Kiafrika, nayo ilihitajika. Hoja ya Alfaro inasonga hatua moja mbele: anadai hadhi hiyo kwa lugha ambayo hata wenyewe wanaoizungumza huionea haya.

Nawaachia waandishi wetu chipukizi swali. Mhusika anayeongea Sheng katika tamthilia zetu huletwa ili tucheke, au ili aonywe na mwalimu wa Kiswahili kabla ya pazia kuteremshwa. Ni lini tutamsikia akimlilia mtoto wake kwa Sheng hiyo hiyo, ukumbi mzima ukanyamaza?