Nitrojeni Hunaswa, Haifungwi

Ng'oa mkunde shambani, upasue kinundu kimoja cha mzizi. Ukikikuta chekundu ndani, bakteria wamo kazini: wanaichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia, chakula cha mmea. Wekundu ule ni wa protini inayoizuia oksijeni isizagae humo.

Wapo wanaoiita kazi hiyo, ambayo kwa Kiingereza ni "nitrogen fixation", "kufunga nitrojeni". Mimi naikataa tafsiri hiyo. Nitrojeni ya hewani tayari imefungwa, tena imefungwa barabara: atomu mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu. Bakteria huvivunja vifungo hivyo kwa kimeng'enya kiitwacho nitrojenasi, na kila molekuli moja ya nitrojeni huwagharimu takriban molekuli 16 za ATP, kibeba nishati cha seli.

Ubaya wa neno "kufunga" huonekana zaidi tukifika kwenye jeni. Bakteria aina ya Klebsiella ana jeni zipatazo 20 za kazi hii, zimekaa pamoja kwenye kromosomu, na wanasayansi huziita nif. Tatu kati yake, nifH, nifD na nifK, ndizo zenye maelekezo ya kuunda nitrojenasi yenyewe. Protini ya NifA huziwasha jeni za kundi hilo. NifL nayo huizuia NifA pale oksijeni inapokuwepo, kwa kuwa oksijeni huiharibu nitrojenasi, au pale amonia inapokuwa tele, kwa kuwa hakuna haja ya kutumia ATP zote hizo kutafuta kilichopo. Sasa jeni zikizimwa hivyo, mwalimu aseme "jeni za kufunga nitrojeni zimefungwa"? Mwanafunzi ataelewa nini?

Mwaka 1972, huko Uingereza, Ray Dixon na John Postgate walizihamisha jeni hizo kutoka kwa Klebsiella hadi kwa Escherichia coli, bakteria wa utumbo asiyejua kazi hiyo. Akaiweza, mradi hakuna oksijeni.

Aliweza nini? Aliweza kunasa. Kinachonaswa ni kile kilichokuwa kikiruka huru, kama ndege kwenye ulimbo, na nitrojeni ilikuwa hewani. Ni kweli, kunasa hakutaji amonia, lakini hata istilahi ya Kiingereza haiitaji. Tena neno hili linanyumbulika vizuri: bakteria hunasa, nitrojeni hunaswa, jeni ni za unasaji, na zikizimwa tunasema zimezimwa.

Waandishi wa vitabu vya biolojia na kilimo, nawaomba: andikeni unasaji wa nitrojeni.