Msafiri Angojaye Shehena



Baada ya sala ya Adhuhuri, katika msikiti mmoja wa Kahama, dereva wa lori alinijia na swali. Alikuwa ametoka Dar es Salaam na shehena ya Kigali, mwendo wa karibu kilomita 1,500. Kule hakupata cha kurudi nacho, kwani Rwanda huagiza mali nyingi kuliko inayouza nje. Akashuka na lori tupu hadi Kahama akitaraji pamba, na ununuzi wa pamba ulikuwa haujafunguliwa. Siku ile ilikuwa ya 9, yeye na utingo wake wanalala ndani ya lori. Akauliza: "Sheikh, mimi bado ni msafiri nipunguze sala, au nimekwisha kuwa mkazi?"

Kabla ya jibu natutazame nyuma kidogo, maana kungoja mzigo hakukuanza na malori.

Majahazi ya Omani na Ghuba yalikuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi, yakileta tende na chumvi, yakangoja kusi ndipo yarejee na boriti za mikoko. Nahodha aliyetia nanga Lamu au Unguja mwezi wa Januari alijua kuwa hatang'oa kabla ya Aprili. Basi alipanga nyumba, na wako waliooa. Huyo, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, si msafiri tena: aliyenuia kukaa siku 4 kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka, hutimiza sala zake.

Bara mambo yalikuwa mengine. Kazeh, ambayo leo ni Tabora, ndipo misafara ilipovunjika. Wapagazi waliokodiwa pwani walikomea hapo, na mwenye mali akatafuta wengine, asijue kama watapatikana kesho au mwezi ujao. Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857 wakakaa zaidi ya mwezi. Aliyewapokea ni Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani, akawapa nyumba na kuwashughulikia haja zao. Burton, ambaye kalamu yake haikuwa na huruma kwa watu wa nchi hizi, huyo alimsifu. Biashara ya misafara ilikuwa na watumwa ndani yake, na hilo halipambiki. Lakini katika kumpokea mtu aliyekwama, mzee yule alijua wajibu wake.

Sasa turudi kwa dereva wetu. Yeye hana tarehe kama nahodha; kila asubuhi hudhani ataondoka jioni. Sharia imeitambua tofauti hii. Mtume (S.A.W.), mwaka wa 8 Hijria alipoifungua Makka, alikaa humo akipunguza sala, riwaya ya Imran bin Husayn inataja siku 18, ya Ibn Abbas 19. Na Abdullah bin Umar (R.A.) imepokewa kuwa theluji ilimzuia Azerbaijan miezi 6, naye akipunguza. Shafii wameshika 18 kwa anayetaraji haja yake kila siku. Nikamwambia: punguza, ila ukisali nyuma ya mkazi, kama leo, timiza. Akahesabu kwa vidole: zimebaki 9.

Kisha nikamuuliza asilouliza: wanakula nini? Akasema posho hutolewa kwa safari, si kwa kungoja, na ya safari ilikwisha siku ya 5. Hapo, ndugu msomaji, niliona haya. Aya ya 60 ya Surat Tawba imemtaja mwana wa njia kuwa fungu la 8 la wenye haki katika zaka. Wanavyuoni wameeleza kuwa huyo ni msafiri wa safari ya halali aliyeishiwa njiani, hata kama kwao ana nyumba na ng'ombe. Tunaisoma aya hii kila Ramadhani, kisha fungu hilo tunaliruka, kana kwamba wasafiri walikwisha na ngamia. Mtu huyu alikuwa amesali safu moja nasi siku 9.

"Watu wanaona ukubwa wa lori, Sheikh," alisema. "Hudhani ni langu."

Jioni imamu wa pale alimchukua nyumbani kwake. Utingo alibaki kulinda lori, akapelekewa sahani yake.