Pointi 101 na kushindwa: jinsi vyuo vya Marekani vilivyojifunza kuhesabu basketi

Mwezi wa tatu mwaka wa 1990, ekipe ya chuo cha Loyola Marymount, kutoka Los Angeles, ilitia pointi 101 katika mechi ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani, na bado ikashindwa. Wapinzani wao, UNLV ya mji wa Las Vegas, walitia 131. Miaka sita baadaye, tarehe 14 mwezi wa tatu 1996, ekipe ya chuo cha Princeton ilitia pointi 43 tu, na hizo zikatosha. UCLA, waliokuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia, walibaki na 41 wakarudi nyumbani.

Mtu akitazama pointi peke yake atasema Loyola walijua kushambulia na Princeton hawakujua. Kwa kweli Loyola walimaliza msimu ule wakiwa na wastani wa pointi 122.4 kwa mechi, na hakuna ekipe ya daraja la kwanza la vyuo iliyowahi kufika pale. Lakini kocha wao, Paul Westhead, alitaka mpira utupwe kikapuni ndani ya sekunde chache tu. Ukitupa haraka hivyo, mpinzani naye anaupata haraka, na mechi inakuwa ya kukimbizana. Princeton wa kocha Pete Carril walifanya kinyume: walipitisha mpira kwa subira mpaka mlinzi asahau mgongo wake. Ekipe hizi mbili hazikupata nafasi sawa za kushambulia, kwa hiyo kulinganisha pointi zao ni kama kulinganisha mavuno ya mashamba mawili bila kuuliza ukubwa wa kila shamba.

Mmoja wa waliolielewa jambo hili mapema ni Dean Smith. Alizaliwa Kansas mwaka wa 1931, akasoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Kansas, na alikuwa mchezaji wa akiba katika ekipe ya chuo hicho iliyochukua ubingwa mwaka wa 1952. Kocha wake, Phog Allen, alikuwa amefundishwa na James Naismith mwenyewe, yule aliyebuni mchezo huu mwaka wa 1891. Miaka ya 1950 Smith alikuwa kocha msaidizi katika chuo cha jeshi la anga la Marekani. Huko ndiko alikoanza kuhesabu si pointi tu, bali pia mara ambazo ekipe iliushika mpira. Kisha akagawanya.

Hesabu hiyo ilitokea mwaka wa 1959 katika kitabu cha kocha Frank McGuire, ambaye Smith alikuwa amekwenda kumsaidia katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Wazo lake ni rahisi. Kila mara ekipe inapoushika mpira ina zamu moja. Ikiwa ekipe imepata zamu 70 na kutia pointi 70, kila zamu imeleta pointi moja. Wakati ule kikapu cha pointi tatu kilikuwa hakijaingia katika vyuo, kwa hiyo aliyetia kikapu kwa kila zamu angepata wastani wa pointi mbili. Wapinzani nao wanapimwa hivyo hivyo, na hapo kocha anaona kama shida yake iko katika mashambulizi au katika ulinzi.

Smith akawa kocha mkuu wa North Carolina mwaka wa 1961, akakaa hapo mpaka 1997, akishinda mechi 879. Mtu asiyejua hesabu yake angeweza kumdharau. Ekipe yake ilipoongoza, mara nyingi ilisambaa katika pembe nne za uwanja na kuushika mpira bila haraka, maana katika miaka hiyo hapakuwa na saa ya kulazimisha kutupa. Mwezi wa tatu 1982 waliifunga Virginia 47-45 katika fainali ya jimbo lao la michezo, na watazamaji wengi walikasirika. Wiki chache baadaye wakachukua ubingwa wa nchi kwa kuifunga Georgetown 63-62. Saa ya sekunde 45 ililetwa kwa vyuo vyote katika msimu wa 1985-86.

Kulikuwa na jambo moja katika hesabu ya Smith ambalo wengine walilirekebisha. Kwake yeye, mpira ukikosa kikapu na mshambuliaji akauokota, hiyo ilikuwa zamu mpya. Dean Oliver, aliyetoa kitabu chake juu ya hesabu za basketi mwaka wa 2004, alisema hapana: zamu inaendelea mpaka mpira uingie mikononi mwa adui. Inaonekana kama ubishi wa walimu, lakini una maana kubwa. Kwa hesabu ya Oliver, ekipe mbili zinazocheza pamoja hupata zamu karibu sawa, maana mpira wa mmoja ukiisha unakwenda kwa mwingine. Basi siku ile ya 1990, Loyola hawakunyimwa zamu. Walizipata karibu sawa na UNLV, wakazipoteza pointi 30 humo humo.

Kazi hii haihitaji kompyuta. Kijana mmoja pembeni ya uwanja, mwenye daftari na kalamu, anaweza kuifanya. Anachukua mitupo yote ya kikapu, anaondoa mipira ambayo washambuliaji waliiokota baada ya kukosa, anaongeza mipira iliyopotezwa, kisha anaongeza karibu nusu ya mitupo huru. Ni karibu nusu kwa sababu mitupo huru huja mara nyingi miwili miwili. Wataalamu wa vyuo hutumia 0.475. Tuseme ekipe imetupa mara 60, imeokota mipira 10, imepoteza 14, na imepewa mitupo huru 20. Hizo ni zamu 73 na nusu. Ikiwa imetia pointi 70, kila zamu imeleta 0.95.

Mtu aliyeieneza hesabu hii kwa ekipe zote alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, Ken Pomeroy. Yeye alipima pointi kwa zamu 100, kisha akarekebisha kulingana na nguvu ya mpinzani, maana kumfunga dhaifu si sawa na kumfunga bingwa. Vyuo vya daraja la kwanza ni zaidi ya 350, na nafasi katika mashindano makubwa ni 68. Tangu 1981 kamati ya kuchagua ilitumia orodha iliyotazama nani alishinda na nani alishindwa. Katika msimu wa 2018-19 ikaleta orodha mpya, ambayo ndani yake mna pia pointi kwa kila zamu.

Msimu huo huo ulikuwa wa Virginia. Mwaka mmoja kabla, ekipe hiyo yenye ulinzi mkali ilifungwa 74-54 na UMBC, chuo kidogo kilichowekwa nafasi ya mwisho katika kundi. Jambo ambalo halikuwahi kumpata namba moja katika mashindano ya wanaume. Wengi walicheka hesabu. Kocha Tony Bennett hakubadili mwendo wake wa polepole. Mwaka wa 2019, dhidi ya Purdue, kijana wa Guinea, Mamadi Diakite, alitia kikapu cha kusawazisha wakati saa inaisha, Virginia wakashinda katika muda wa nyongeza, na baadaye wakawa mabingwa. Mechi moja inaweza kumdanganya mtu. Mechi thelathini si rahisi.

Hata hivyo hesabu inaona kile tu kilichoandikwa. Familia zilizohama vita zinalijua hilo bila kufundishwa: jina lisipokuwa kwenye orodha, hakuna jetoni. Bill Russell aliongoza chuo cha San Francisco kuchukua ubingwa mwaka wa 1955 na 1956 kwa kuzuia mipira hewani, ile ambayo vijana wetu wanaiita kontre. Hakuna anayejua alizuia mingapi. Vyuo vilianza kuandika kontre rasmi katika msimu wa 1985-86.

Mwaka wa 1987 kijana wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, alifika Georgetown akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alimwingiza katika ekipe mwaka uliofuata. Mwaka wa 1989, dhidi ya St. John's, alizuia mipira 12 katika mechi moja. Mwandishi wa meza alikuwa na safu ya kontre kwenye karatasi yake, akaandika 12. Mipira ambayo adui hakuthubutu kuitupa kwa sababu ya mkono ule, haina safu.