Kwa nini VLOOKUP hukupa pesa za jirani

Leo tuzungumzie historia ya fomula ambayo waweka hazina wengi wa vyama hapa Kenya huitumia bila kujua ilikotoka.

Chukua chama chenye matawi matatu, kila tawi na shiti yake: Thika, Nakuru, Kisumu. Mwanachama nambari 118 yuko Kisumu. Wewe unaanza na Thika:

=VLOOKUP(118,Thika!A:C,3)

Ungetarajia kuambiwa hayumo. Tarakilishi badala yake inakupa, bila haya, akiba ya nambari 117. Hakuna onyo lolote. Ukigawa faida kwa hesabu hiyo, mtu atalipwa jasho la mwenzake.

Wengi hudhani hiyo ni hitilafu ya programu. La, fomula inafanya kazi iliyoundiwa, na asili ya kazi hiyo ni kodi ya mapato.

Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc kwa tarakilishi ya Apple II. Lahajedwali lake lilikuwa na mistari 254 na safu 63, basi. Ndani yake mlikuwa na LOOKUP, na Frankston mwenyewe ameeleza kwamba aliiongeza ili aweze kukokotoa kodi yake. Sasa fikiria jedwali la kodi. Mshahara wako hauandikwi humo. Huandikwa mipaka tu. Tukitumia viwango vya PAYE vilivyoanza Kenya Julai 2023, ngazi ya kwanza ya mapato ya mwezi, 10%, iliishia shilingi 24,000, na ya pili, 25%, ikaishia 32,333. Ukitafuta 30,000 huipati popote. Unachohitaji ni fomula ipande orodha, isimame kwenye mpaka wa mwisho usiozidi 30,000, ikupe 25%. Kwa kazi hiyo, jibu la jirani ndilo jibu sahihi! (Sharti orodha ipangwe kuanzia ndogo hadi kubwa.)

Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ilikuwa na VLOOKUP na HLOOKUP zenye tabia hiyo hiyo. Excel, iliyotoka 1985 kwenye Macintosh, ikairithi. Baadaye Microsoft waliongeza kipengele cha nne, FALSE, cha kudai jibu kamili, lakini ukikiacha unarudi kwenye jedwali la kodi. Naelewa sababu: mafaili ya zamani yangeanza kutoa majibu tofauti. Hata hivyo, nadhani gharama yake iliangukia watu wasio na habari.

Gharama hiyo ilizidi shiti zilipokuwa nyingi. Lotus 1-2-3 toleo la 3 lilileta shiti kadhaa katika faili moja mwaka 1989, na Excel 5 ikafuata mwaka 1993. Watu wakaanza kugawa data kwa matawi na miezi. IFERROR ilipokuja na Excel 2007, tukaunganisha hivi:

=IFERROR(VLOOKUP(118,Thika!A:C,3,FALSE),IFERROR(VLOOKUP(118,Nakuru!A:C,3,FALSE),VLOOKUP(118,Kisumu!A:C,3,FALSE)))

Ondoa FALSE ya kwanza uone. Thika itatoa pesa za 117, IFERROR itaona kosa halipo, na Kisumu haitafikiwa kamwe. Katika mafaili ya watu ninayoletewa, hapa ndipo huangalia kwanza.

Microsoft walitangaza XLOOKUP Agosti 2019, nayo hudai jibu kamili usipoiambia vingine. Ilichukua miaka 40 tangu VisiCalc. Google Sheets waliiongeza 2022, na LibreOffice katika toleo la 24.8 la mwaka 2024. Kwenye Excel yenye VSTACK, shiti zikiwa zimepangana Thika hadi Kisumu, yote yanaisha kwa mstari mmoja:

=XLOOKUP(118,VSTACK(Thika:Kisumu!A2:A500),VSTACK(Thika:Kisumu!C2:C500),"Hayumo")

Kama ofisi yenu bado ina Excel ya 2010, bakini na IFERROR, na mhesabu FALSE zenu: shiti tatu, FALSE tatu.