Shule za Shughart na Gordon, Fort Bragg

Shughart na Gordon ni majina ya shule za serikali ya Marekani zilizomo Fort Bragg, kambi kubwa ya jeshi karibu na mji wa Fayetteville, North Carolina. Jina la Shughart limepewa shule ya msingi na shule ya kati. La Gordon, shule ya msingi. Wanafunzi ni watoto wa wanajeshi wanaoishi kambini, na anayewaajiri walimu si jimbo bali Wizara ya Ulinzi, ambayo ina shule zipatazo 160 ndani na nje ya nchi, hadi Ujerumani, Japani na Korea Kusini.

Watu wenye majina hayo walifia Mogadishu, Somalia.

Gary Gordon, mzaliwa wa Lincoln, Maine, na Randall Shughart, aliyekulia shambani Pennsylvania, walikuwa masajini na wadunguaji wa Delta Force, kikosi cha siri chenye makao Fort Bragg. Jumapili alasiri, Oktoba 3, 1993, Wamarekani walivamia nyumba moja jirani na soko la Bakaara ili kuwakamata wasaidizi wa mbabe wa vita wa Kisomali, Mohamed Farrah Aidid. Msako uliotarajiwa kumalizika upesi ukawa vita vya usiku kucha. Helikopta mbili aina ya Black Hawk zilitunguliwa kwa roketi. Ya pili, ya rubani Michael Durant, iliangukia mbali na askari wa miguu, na umati wenye silaha ulikuwa ukiijia.

Gordon na Shughart waliyaona hayo kutoka angani. Waliomba washushwe wakawalinde majeruhi. Wakakataliwa mara mbili, ya tatu wakaruhusiwa. Walishuka wawili tu, wakapenya vichochoro hadi penye mabaki, wakamtoa Durant aliyekuwa amevunjika mguu, wakapigana mpaka wakauawa. Gordon alikuwa na miaka 33, Shughart 35. Durant alitekwa, akaachiwa baada ya siku 11.

Mei 23, 1994, wajane wao walipokea Nishani ya Heshima mikononi mwa Rais Bill Clinton. Hizo zilikuwa nishani za kwanza za daraja hilo kwa vita vilivyopiganwa baada ya Vietnam. Herbert Shughart, baba wa marehemu, alikataa kumpa rais mkono na akamlaumu waziwazi kwa kifo cha mwanawe. Ushujaa wa wale wawili haukubishaniwa na yeyote; kilichobishaniwa ni nani aliyewatuma, na kwa nini.

Wamarekani 18 walikufa katika mapigano hayo. Wasomali waliokufa wanahesabiwa kwa mamia, raia wakiwamo, na kwao vita hivyo huitwa Siku ya Rangers, kwa jina la askari wa Marekani walioshiriki. Msomaji wa Nairobi au Mombasa, mwenye majirani waliokimbia Somalia miaka hiyohiyo, huenda akayasoma majina ya shule hizi kwa jicho tofauti na la mzazi wa Fayetteville.

Shule si kumbukumbu yao pekee. Zipo meli mbili za mizigo za kijeshi, USNS Shughart na USNS Gordon, na kule Fort Polk, Louisiana, kijiji cha kuigiza ambamo askari hufundishwa vita vya mitaani kiliitwa Shughart-Gordon. Filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2001, Black Hawk Down, ndiyo iliyowafikisha kwa watu wasio wanajeshi.

Hapo kambini, shule kama Bowley na Devers zina majina ya majenerali. Kuwageukia masajini kulikuwa badiliko la maana, na halikuishia kwao: shule nyingine imepewa jina la Kapteni Kimberly Hampton, rubani wa helikopta aliyetunguliwa karibu na Fallujah, Iraki, Januari 2, 2004. Kambi yenyewe haikuwa na bahati hiyo. Tangu 1918 ilibeba jina la Braxton Bragg, jenerali wa majimbo yaliyoasi kutetea utumwa. Mwaka 2023 ikaitwa Fort Liberty. Mwaka 2025 ikarudi kuwa Fort Bragg, safari hii, kwa tamko rasmi, ikimkumbuka Roland Bragg, askari wa kawaida wa Vita Kuu ya Pili. Ujanja huo wa kubadili mtu bila kubadili kibao haukuzigusa shule.

Masomo ya kambini hukoma darasa la nane. Hakuna shule ya sekondari ndani ya Fort Bragg, kwa hiyo wahitimu wa Shughart huendelea katika shule za umma za wilaya jirani, pamoja na watoto wa raia.